FC 26, Silksong, Expedition 33: Sifa na Lawama

Nianze na FC 26, gemu ya mpira wa miguu, kwa sababu mpira ndio unaolipa kodi ya vibanda vingi vya PS (PlayStation) hapa Nakuru, kuanzia Kaptembwo hadi Free Area.

Uchezaji wenyewe umeimarika. Gemu ilipotoka Septemba 2025, EA Sports waligawa mchezo mara mbili: Competitive, yenye kasi na pasi zinazotii kidole papo hapo, na Authentic, yenye mwendo wa taratibu na mpira unaodunda kama wa uwanjani. Kibandani weka Competitive. Nusu za dakika 4 hazitoshi Authentic. Mtapigiana pasi mpaka kipenga cha mwisho bila shuti la maana. Nyumbani, ukicheza Career Mode (ya kuongoza timu au mchezaji msimu hadi msimu), geuza: Authentic, na nusu zisipungue dakika 8, ili uchovu wa viungo uanze kuonekana na mapengo yafunguke mbele ya mabeki. Nimefurahi pia kwamba ndani ya Competitive makipa wanatema mpira pembeni zaidi, si miguuni mwa mshambuliaji kama zamani.

Ultimate Team, sehemu ya kujenga kikosi kwa kadi za wachezaji, siipendi. Kikosi ulichojenga mwaka mzima hakivuki kwenda toleo linalofuata. Septemba ikifika unaanza sifuri, na pakiti za kadi hizo zinauzwa kwa pesa halisi juu ya gemu ambayo tayari ni dola 70, karibu shilingi 9,000. Kwa kijana wa miaka 15 mwenye kujua namba ya siri ya M-Pesa ya mzazi, huo ni mtego, na utamu wa mchezo hauuhalalishi.

Kwenye kompyuta kuna kikwazo kingine. FC 26 inataka Secure Boot (ulinzi unaokagua programu kompyuta inapowaka) iwe imewashwa, na desktop nyingi za ex-UK tunazoziongezea kadi ya picha zimewekewa Windows kwenye diski ya mtindo wa zamani, MBR. Ukikimbilia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kabla ya kubadilisha diski, mashine itawaka lakini haitaiona Windows. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, usome mstari wa BIOS Mode. Ukisema Legacy, hifadhi kwanza data yako kwingine na usimamishe BitLocker (kufuli ya diski ya Windows) kama ipo. Fungua Command Prompt kama Administrator, uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia amri hiyo ukiweka /convert mahali pa /validate. Hapo sasa ndipo unapoingia BIOS, unahama kutoka Legacy, mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta, kwenda UEFI, mtindo mpya, na kuwasha Secure Boot. Ikikataa, kagua partisheni: diski haifai kuwa na zaidi ya 3 kuu. Na usiguse kazi hii siku stima inapoyumba, isipokuwa una UPS. Ikikatika katikati ya kubadilisha, unaweza kulazimika kuweka Windows upya.

Hollow Knight: Silksong, gemu ya kuzunguka ramani na kupigana, ni dola 20, kama shilingi 2,600, inachukua GB 8 tu, na haihitaji kadi ghali. Team Cherry wa Adelaide, Australia, ni watu wachache, lakini kila chumba kimechorwa kwa uangalifu ambao studio kubwa nyingi zimeusahau. Kwa thamani ya pesa, sijaona ya kuishinda.

Ila ugumu wake una dosari ya hesabu. Unaanza na maski 5, ndizo uhai wako, na adui wengi wanang'oa 2 kwa pigo moja, kwa hiyo mapigo 3 yanakumaliza. Unazunguka ramani kutafuta vipande 4 vya maski, unapata maski ya sita, na kwa adui hao bado unakufa kwa mapigo 3! Zawadi uliyoitolea jasho haikupi chochote. Kwa kuwa Bind, yaani kujitibu, inarudisha maski 3, ukiitumia ukiwa umepoteza 2 unatupa moja bure; ngoja zipungue zaidi, kisha ruka ujitibu ukiwa hewani wakati adui yuko chini. Shanga zako, ndizo pesa za gemu hii, zitunge kamba mapema, kwa sababu zilizotungwa hazidondoki ukifa. Na kama pigo la mshazari la kuelekea chini linakushinda, chukua Reaper, nembo inayobadilisha mtindo wako wa kupiga, kule eneo la Greymoor. Upana wake unasamehe makosa mengi.

Clair Obscur: Expedition 33, ya Sandfall Interactive wa Montpellier, Ufaransa, imerudishia mapigano ya zamu kwa zamu heshima yake. Zamu ya adui si ya kupumzika: kila pigo unalikwepa au unalikinga kwa kubonyeza kitufe linapokufikia. Kukwepa kuna nafasi pana, kukinga ni finyu. Kwepa kwanza mpaka neno Perfect litokee mara kwa mara, ndipo uhamie kukinga, maana Perfect ni ishara kwamba hata kukinga kungefaulu. Wengi wanalaumu vidole bure. TV ikiwa katika hali ya kawaida huipamba picha kwanza ndipo iionyeshe, na hapo wewe umeshachelewa. Chagua Game Mode kwenye HDMI unayotumia.

Sehemu ya tatu ya gemu hii ndiyo inayoniudhi. Painted Power, uwezo unaomvisha mhusika wako, inaondoa kikomo cha madhara cha 9,999, na maadui wakubwa waliobuniwa kwa ustadi wanaanguka kabla hawajarusha pigo. Ivue ukitaka mapambano yabaki mapambano.

Helldivers 2, gemu ya kupiga risasi kwa kikundi mtandaoni, nayo ilikuwa imefika karibu GB 154 kwenye kompyuta, kwa sababu faili zilezile zilirudufiwa ili diski za kuzunguka zizisome haraka. Mwishoni mwa 2025 Arrowhead, waundaji wake, walitoa toleo la GB 23 hivi, wakaeleza kwamba kinachochelewesha zaidi ni kutengeneza ramani, si kusoma faili. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, hiyo ni saa 5 badala ya 34. Mwenye bando anaijua tofauti hiyo. Uchezaji sina neno nao: mko wanne, risasi zenu zinaumizana, na asiyeinama mbele ya mwenzake anakufa. Lakini kila mtu lazima awe na mashine yake na intaneti yake, kwa hiyo kwa kibanda chenye skrini moja na padi mbili haifai.