Hesabu ya Jioni

Somo la wiki: Yohana 18:8–9 na 21:1–14

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii ina tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Ni ya kwanza tangu tumzike mzee wetu, yule ambaye vijana wa Mwanga tulimwita Afande Kocha. Nilikuwa nimeandaa somo jingine kabisa. Nimeliweka kando, maana kila nikishika kalamu namsikia yeye.

Wengi hapa Kigoma mlimjua kama mzee wa baiskeli mwenye mpira kwenye wavu begani. Wachache mlijua kwamba alipigana Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia nchini mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa kijana. Alipanda treni pale pale stesheni yetu, akapita Tabora, akapita Mwanza, hadi akafika kwenye Mto Kagera, daraja la Kyaka likiwa limeshalipuliwa. Masaka ilitekwa Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili. Hayo nimeyapata shuleni. Kwake sikupata hata moja. Tulipombana atusimulie vita, alijibu maneno mawili tu: "Jioni tulihesabiwa."

Tulidhani anatukwepa. Leo nina watoto wangu, na naamini alikuwa ametusimulia yote. Asubuhi mnaondoka watu kadhaa. Jioni mnapanga mstari, mnaitika namba, halafu namba moja inakaa kimya. Wa pembeni yake anajua, na anasubiri kidogo kabla ya kuitika yake.

Alirudi, akaoa, akapata kazi bandarini, akalea watoto sita. Jioni alitufundisha mpira kwenye uwanja wa vumbi, wengi wetu pekupeku, mpira mmoja ambao aliushona mwenyewe kwa sindano ya magunia kila ulipofumuka. Hakuchezesha kijeba, mtu mzima anayejifanya mtoto, hata siku moja. Tulifungwa mara nyingi na timu zilizochezesha wanaume wenye ndevu, tukamlilia naye awalete wa kwake, akakataa. Mimi bado naona alikuwa sahihi, ingawa wakati ule roho iliniuma.

Lakini kilichotushangaza zaidi ni hesabu. Mazoezi yakiisha, kabla wenzetu wa Ujiji hawajaondoka kuwahi swala ya magharibi, alitupanga mstari na kusema, "Hesabu!" Moja, mbili, tatu, hadi wa mwisho. Kila mtoto alikuwa na namba yake, na namba hiyo hakupewa mwingine hata kama mwenyewe amehama. Mimi nilikuwa kumi na nne.

Mwaka 1996, watu walipovuka ziwa kukimbia vita ya Zaire, alikuja uwanjani mvulana aliyefikia kwa ndugu zake Mwanga. Mpira ukipigwa kwa nguvu, alichuchumaa na kufunika masikio. Baadhi yetu tulicheka. Afande Kocha hakumuuliza anatoka wapi wala yuko kabila gani. Alimshika bega, akamsimamisha mwisho wa mstari, akamwambia, "Wewe ishirini na tatu." Jioni ile yule mtoto aliitika kwa sauti ambayo sijaisahau.

Sasa niwaambie habari yangu mwenyewe. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikaanga maandazi, hayakututosha. Nikaacha shule kimyakimya, nikaenda mwalo wa Kibirizi kutafuta kibarua kwenye vyombo vya dagaa. Mnaojua kazi ile mnajua: dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, karabai zikining'inia juu ya maji hadi ziwa linaonekana kama mji mwingine. Kwa mtoto ni kazi ya baridi na usingizi, na wapo waliotumbukia wasionekane tena.

Siku mbili sikuitika. Siku ya pili, Afande Kocha alikwenda kwetu, mama akamwambia niliko. Alipofika mwaloni tulikuwa tumeshaondoka. Hakurudi nyumbani. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, amejifunika koti lake la zamani, akatazama zile taa usiku kucha bila kujua ipi ni ya kwetu.

Kulipokucha tukaja ufukweni, mikono yangu imekufa ganzi. Nikamwona amesimama majini, suruali ameikunja magotini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kumi na nne."

Nikasema, "Nipo, Afande."

Akashika kamba pamoja nasi, akavuta chombo, akaanika dagaa mchangani pamoja na kina mama hadi jua likawa kali. Ndipo akazungumza na mwenye chombo, wakakubaliana niwe naanika Jumamosi tu. Kisha akanirudisha kwa mama kwa baiskeli. Hakuwa na fedha za kutupa. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi alipita na kisado cha unga wa muhogo, hadi nilipomaliza darasa la saba.

Wapendwa, ndiyo maana siwezi kusoma Yohana 21 bila kuiona Kibirizi. Wanafunzi saba wamevua usiku kucha, hawakupata kitu. Kulipokucha Yesu amesimama ufuoni. Yohana hasemi amefika saa ngapi. Moto wa makaa ulikuwa umeshawaka na samaki yuko juu yake, na makaa hayapatikani kwa kuwasha moto dakika hiyo. Mtu alikuwa pale mapema, anawasubiri. Petro, aliyemkana mara tatu, yumo humo chomboni. Tomaso, aliyekuwa hayupo Bwana alipowatokea wenzake mara ya kwanza, naye yumo. Bwana anawaita wanawe, anawauliza kama wana kitoweo. Hajaanza na kosa la mtu.

Rudini nyuma hadi sura ya 18. Askari wamekuja bustanini na taa, mienge na silaha. Yesu anawaambia kama wanamtafuta yeye, wawaache hawa waende zao. Na Yohana anaeleza kwa nini: ili litimie neno alilosema, kwamba katika wale aliopewa hakumpoteza hata mmoja. Usiku wa kukamatwa kwake, alikuwa anahesabu watu wake. Wala si kwamba hesabu hiyo haikumuuma. Katika sura ya 17, akiomba, anamtaja yule mmoja aliyepotea. Bwana wetu anajua namba inapokaa kimya inavyosikika.

Sitaki nimfanye mzee wetu malaika. Bintiye mkubwa alizungumza msibani kwa upole na kwa kweli. Alisema nyumbani hakuna aliyelala kabla baba hajasikia hatua za kila mtoto mlangoni, na sahani ya aliyechelewa, ugali na migebuka ya mawese, ilifunikwa ikawekwa kando ya jiko. Lakini pia alisema baba hakujua kubembeleza, na ukali wake uliwachosha. Mmoja wa wanawe aliondoka kwenda Dar es Salaam kwa hasira, akakaa miaka bila salamu. Katika sala ya usiku baba alimtaja kila siku katika nafasi yake, kati ya wa tatu na wa tano. Mwana huyo alikuja kuzika. Alisimama kati ya wa tatu na wa tano. Hakuna aliyempanga.

Mara ya mwisho kukaa naye muda mrefu ilikuwa uwanja wa Lake Tanganyika, baada ya Mashujaa, timu ya jeshi letu, kupanda Ligi Kuu mwaka 2023. Alifurahi kama mtoto. Kipenga cha mwisho kilipolia nikamwona midomo inatembea. Alikuwa anawahesabu wale wachezaji wakitoka.

Bwana, umpokee mtumishi wako, na wale wenzake ambao hawakuitika jioni ile ng'ambo ya Kagera.

Jana nilisimama pale aliposimama yeye. Waliitika kumi na saba. Namba tisa ilikaa kimya. Wenzake wanasema hajaonekana tangu juzi, kwao ni Katonga, na mjomba wake ana chombo. Mwezi haupo wiki hii. Tafakari naiachia hapa, wapendwa, niwahi kabla hawajasukuma mtumbwi majini.