Uji wa Pilipili Manga

Juzi binti yangu aliinua macho kutoka kwenye daftari lake la Kiingereza akaniuliza, "Mama, gossip ni umbea?" Nilimjibu kuwa ndiyo, kisha jibu hilo likaninyima usingizi, kwa sababu lilinirudisha kwenye usiku aliozaliwa mjomba wake.

Mvua ilikuwa imekata njia ya zahanati, kwa hiyo mama alijifungulia chumbani kwa bibi, akiwa amezungukwa na wanawake wanne. Mimi, mtoto wa miaka minane, niliketi kwenye kigoda nikikoroga uji wa pilipili manga. Ninakumbuka mwanga wa koroboi, jasho la mama likifutwa kwa upindo wa khanga, na sauti za chini za wanawake wale wakisimuliana uzazi wao, nani alinusurika na nani hakunusurika, mpaka mama akaacha kulia akawa anawasikiliza. Mtoto alipotoa sauti, bibi aliuliza nani atamsimamia ubatizo, na jirani yetu akanyoosha mikono: "Nipeni mimi." Barazani, baba mkubwa alikuwa akilalamika kwamba wanawake wanakesha kwa umbea.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo, kamusi ilinionyesha kuwa gossip ni mtoto wa neno la Kiingereza cha kale, godsibb, lililoandikwa tangu mwaka 1014. God ni Mungu na sibb ni ndugu. Ndiye msimamizi wa ubatizo, mtu aliyefanyika ndugu mbele ya Mungu. Baadaye waliitwa hivyo pia wanawake walioalikwa kukaa na mwenzao anapojifungua, ambao huko Uingereza walikunywa pamoja naye caudle, uji mwepesi wa moto uliotiwa mvinyo au bia na viungo. Niliposoma habari za uji huo nilishindwa kuendelea kwa muda. Kufikia karne ya 16 neno lilikwisha kumtaja mtu wa maneno mengi, na mwanzoni mwa karne ya 19 likawa jina la maneno yenyewe. Labda lugha hujibadilikia tu, lakini mimi humwona baba mkubwa barazani, akilipa jina jambo asiloliona.

Jirani yule alimlipia mdogo wangu ada hadi kidato cha nne. Mtaani walimwita mmbea hadi alipofariki.

Asubuhi nilikuta binti ameshaandika "umbea" kwa wino. Nilimwomba aache mstari mmoja wazi chini yake.