Foleni iko jikoni: namna ninavyoandaa samaki wa Jumapili na marafiki Mwanza

Mtu anayefika Jumapili jioni kwenye mgahawa wa samaki kando ya ziwa hapa Mwanza hutafuta kwanza meza, na akiipata hudhani kazi imekwisha. Mimi, ambaye ndiye mwandalizi wa kundi letu la marafiki, niliacha kitambo kuhangaikia meza. Meza huongezwa: viti vya plastiki huletwa kutoka stoo, meza mbili huunganishwa, na mkikosa nafasi karibu na maji mtawekwa chini ya mti ulio karibu na geti. Kisichoongezeka ni wavu wa kuchomea. Wavu hubeba samaki wachache tu kwa wakati mmoja, na sato mzima wa kuwatosha watu wawili hukaa juu ya mkaa nusu saa au zaidi, iwapo mpishi hataki ngozi iungue huku nyama ya mgongoni ikiwa bado mbichi. Kwa hiyo walioketi saa 12 jioni na kuagiza baada ya kupiga soga kidogo wanaweza kula saa 2 usiku bila mhudumu yeyote kuwa amewapuuza, kwa kuwa foleni waliyomo iko nyuma ya jengo, kwenye moshi, wasikoweza kuiona.

Utaratibu wangu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Hufika peke yangu mnamo saa 10 alasiri, wakati mkaa ndiyo kwanza unawashwa, na siendi mezani bali nazunguka moja kwa moja hadi jikoni kumsalimia mama anayesimamia samaki. “Mwadila mayu,” humwambia kwa salamu ya Kisukuma, na baada ya kuitikia hufunua deli lenye barafu ili nichague. Huangalia macho, ambayo hayapaswi kuwa na ukungu, kisha huinua kifuniko cha shavu ili nione kama ndani bado ni pekundu. Hadi hapo kila mnunuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba anajua. Ninalolisisitiza zaidi ni ukubwa: nachagua samaki wanaolingana, hata kama ndani ya deli kuna sato mmoja mkubwa anayevutia kuliko wenzake. Huyo mkubwa atachelewa kuiva, nusu ya meza itakuwa imeshamaliza kula, na nusu nyingine itakuwa inatazama mifupa ya wenzao.

“Hawa wanne, mama, ni kiasi gani?”

“Wa kuchoma wote?”

“Wote.”

Swali lake lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Samaki wa kukaanga huiva upesi zaidi, na kundi likichanganya maagizo, wa kukaanga hutangulia, wakapoa wakisubiriwa au wakaliwa peke yao. Tunakubaliana bei papo hapo, samaki wakiwa mbichi na mimi nikiwaona, kisha anawachanja ubavuni mipasuo mitatu ya mshazari, anasugua chumvi, tangawizi na kitunguu saumu hadi ndani ya mipasuo, na kuwakamulia ndimu. Namwambia saa ya kuwapandisha. Anapenda kuambiwa saa, kwa sababu anaweza kupanga wavu wake kabla kelele za wahudumu hazijaanza.

Siku nayo huchaguliwa. Jumapili ya mwisho wa mwezi nimeifuta katika kalenda yetu, na jioni ambayo Simba au Yanga inacheza pia, kwa kuwa runinga ikishawashwa watu hawainuki mezani na wahudumu nao hutumia jicho moja tu kuwatazama wateja. Kama mechi yenyewe iko Uwanja wa CCM Kirumba, mji mzima hutafuta chakula kwa wakati mmoja. Jua la Mwanza huzama karibu na saa 1 usiku, na wengi huja kwa ajili ya kulitazama likizama. Sisi hupanga tuwe tumeshanawa mikono kabla ya hapo. Giza likiingia, wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa na kuanguka kwenye bakuli la kachumbari, na hapo meza za karibu na maji, zilizokuwa zikigombewa saa moja kabla, huanza kuachwa wazi.

Kuna suala moja ambalo waandalizi wengi hulipita kimya. Kundi letu lina Waislamu na Wakristo, na migahawa kadhaa huchoma samaki pamoja na nyama ya nguruwe, yaani kitimoto, wakati mwingine kwa koleo moja na kisu kimoja. Kumwuliza rafiki yangu mezani, mbele ya watu, kama ataweza kula ni kumtia aibu bure. Hilo nalimaliza alasiri kule jikoni kwa macho yangu, na mahali ambapo kitimoto hakipikwi kabisa ndipo tunaporudi mara kwa mara, hata kama muziki wao unapigwa kwa sauti ya juu kuliko ninavyopenda.

Wageni kutoka mikoa mingine huuliza kwa nini tunang'ang'ania sato wakati jina la Mwanza limevumishwa na sangara. Sababu ni za kimeza tu: sangara mkubwa hukatwa vipande au minofu, na minofu mingi huishia viwandani, ilhali sato huja mzima na kila mtu akachagua upande anaoupenda. (Wote wawili, kwa kweli, ni wahamiaji waliopandikizwa ziwani katika karne ya 20, mwenyeji hasa ni ngege, ambaye siku hizi ni nadra kumkuta kwenye deli lolote.)

Mwenzetu mmoja anatoka Sengerema, na zamani hakuna aliyeweza kumpangia saa ya kufika, kwa kuwa kivuko cha Kigongo–Busisi kilikuwa na ratiba yake na foleni yake. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2025, safari yake inatabirika. Akifika Usagara anapiga simu, nami naenda kumwambia mama apandishe samaki. Mwendo wa kutoka Usagara kupitia Nyegezi na Mkuyuni hadi mjini, pamoja na msongamano wake, unakaribiana sana na muda ambao sato anauhitaji juu ya mkaa, na mara nyingi mgeni wetu huvuta kiti huku sinia likiwekwa mezani.

Sinia nimelipigania. Wahudumu hupenda kuleta sahani moja moja, na hapo ndipo ugali wa mmoja hutangulia na mchicha wa mwingine husahaulika. Tukiomba sinia mbili kubwa, samaki katikati, ugali pembeni, pilipili kwenye kibakuli chake, jikoni wanahesabu agizo moja badala ya manane, nasi tunaanza kula pamoja.

Fedha hukusanywa mapema. Kwa kuwa bei ya samaki naijua tangu alasiri, naigawa sawa kwa wote pamoja na ugali na mboga, kila mmoja ananitumia mchango wake kwa simu akiwa bado njiani, nami nalipa kaunta kupitia Lipa Namba na kuchukua risiti kabla mashine haijazingirwa na watu. Vinywaji haviingii kwenye mchango huo. Anayekunywa maji asilipie bia za mwenzake. Kila mtu hufungua hesabu yake na mhudumu kwa jina lake, na anayeondoka mapema huifunga mwenyewe kabla ya kuita bodaboda.