Tulivyowafundisha washauri wa watu wenye ulemavu Kadutu, bila diploma na bila projekta

Kila niliyemwomba ushauri kabla ya kuanza aliniambia mambo yale yale: tafuta vijana wenye diploma, kodisha projekta, andaa perdiyemu (posho ya siku). Sikufanya hata moja. Leo kuna washauri wanaopanda na kushuka vilima vya Kadutu, komini ya mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kila wiki, wanaingia nyumba ambamo hata shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) hakujua kama kuna mtu amelala chumba cha nyuma, na ninasema kwa fahari kwamba wengi wao hawakumaliza sekondari.

Aliyenikasirisha zaidi ni mtaalamu mmoja aliyekuja na shirika kutoka nje ya jimbo letu. Alinisikiliza dakika chache, akasema: "Mama, kazi hii huko Marekani inasomewa chuo kikuu." Ni kweli. Kuna sheria ya huko ya mwaka 1954 iliyoanza kuvipa vyuo vikuu pesa za kufundisha washauri wa utengamao, yaani wa kumsaidia mwenye ulemavu arudi kwenye maisha na kazi, na kwa kawaida mshauri anatakiwa awe na shahada ya pili. Lakini mshauri wa huko anampokea mtu ofisini. Hapa Bukavu mtu aliyekatwa mguu anakaa Cimpunda, nyumba ya mbao juu ya mteremko, njia ni ngazi za udongo, na mvua ikianza Septemba haituachi mpaka Mei. Nikisubiri wenye shahada ya pili, nani atamfikia? Tena ni huko huko Marekani, katika mji wa Berkeley, ambako mwaka 1972 Ed Roberts, aliyepooza kwa polio tangu umri wa miaka 14, alishirikiana na wenzake kufungua kituo ambacho watu wenye ulemavu wenyewe walikuwa washauri wa wenzao. Hilo mtaalamu hakulitaja.

Basi nikachagua watu wangu kwa macho yangu. Mimi ni mwuguzi, nimekaa santere ya afya miaka mingi, ninajua nani katika kartye anafunguliwa milango na nani anafukuzwa. Nilichukua wareko kadhaa, wale wahamasishaji wa afya wa kujitolea waliozoea kutembea na chanjo, mshonaji mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mama muuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani) anayetembea kwa bekiye (magongo) tangu polio ya utotoni, na papa mmoja fundi viatu wa soko la Kadutu mwenye mguu wa bandia. Karibu nusu ya kundi walikuwa na ulemavu wao wenyewe. Niliambiwa hao watalia darasani. Walilia kweli, siku moja moja, na wengine wakalia nao, kisha tukaendelea. Mchungaji wetu alitupa ukumbi bure.

Shirika moja lilituazima moduli yake, kitabu cha mafunzo, na kutuhimiza tuifuate ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwa ya Kifaransa, yenye michoro ya mifupa na lile jedwali la utengamao katika jamii la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2010, lenye nguzo tano: afya, elimu, riziki, maisha ya kijamii na uwezeshaji. Jedwali ni zuri, ninalitumia mpaka sasa. Lakini siku tulipowapeleka washauri nyumbani kwa watu kwa mara ya kwanza, mwalimu wetu, aliyekuwa akizitaja nguzo zote tano bila kukwama, aliingia nyumba moja ya Nyamugo, akaketi, akafungua daftari, akamwuliza mama mwenye nyumba: "Mgonjwa anasumbuliwa na nini?" Huyo mgonjwa alikuwa amekaa palepale mbele yake, kijana mzima mwenye ndevu, mguu umekatwa juu ya goti baada ya ajali ya lori. Mama akajibu. Mwalimu akaandika. Akauliza tena, mama akajibu tena. Mwisho akamgeukia kijana: "Na wewe, una shida gani?" Kijana akasema, bila kuinua macho: "Kiti, pesa, chakula." Mwalimu akafunga daftari, akaomba sala ndefu, akaahidi kiti cha magurudumu. Kiti kutoka wapi? Na hata kingepatikana, kile chenye vigurudumu vidogo mbele kingefanya nini kwenye ngazi za udongo?

Tulipotoka, papa fundi viatu alinivuta pembeni. "Mama, tunamuuliza vibaya. Mtu ukimuuliza shida, anakupa ile orodha anayotoaga kwa kila shirika. Mimi pia nilikuwaga najibu vile. Umuulize jana."

Nilikuwa sijamwelewa. Akanieleza: muulize siku ya jana, tangu kufungua macho mpaka kulala. Aliamka saa ngapi, nani aliamka kabla yake, alipooga maji yalitoka wapi, alikaa wapi, alikula na nani, nani alimsemesha. Usimrukishe saa hata moja. Na wakati anasimulia, usitoe ushauri wowote.

Wiki iliyofuata tulirudi nyumba ile ile, safari hii na mama muuza sambaza. Lakini mama wa kijana bado alikuwepo, na mama anayempenda mtoto wake hujibu kwa ajili yake hata kabla swali halijaisha. Kumwambia anyamaze nyumbani kwake ni kumvunjia heshima. Hapo ndipo nilipopata dawa ninayojivunia mpaka leo. Washauri wetu hutembea wawili wawili, na yule wa pili ana kazi moja: baada ya salamu na maji ya kunywa, anamwambia mwenye nyumba kwa adabu, "Mama, naomba unionyeshe mnakochota maji na choo kilipo, nivione kwa macho." Hakuna mama atakayekataa. Wanatoka, wanashuka, mama anapata naye mtu wa kumsikiliza, maana huyo mama amechoka na hakuna aliyewahi kumuuliza. Huku nyuma chumba kinabaki na watu wawili.

Kijana akaanza jana yake. Aliamka saa kumi na moja, akanywa chai nusu kikombe. Akakaa mlangoni. Saa nne dada mkubwa alimletea maji, hakunywa. Saa sita akaletewa bugali na lenga-lenga (mchicha), akala kidogo, maji hakunywa. Mama muuza sambaza hakusema kitu, alitikisa kichwa tu na kungoja. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema choo kiko kule chini, cha parsele nzima, yaani nyumba zote za kiwanja, na wa kumshika mkono ni mdogo wake anayerudi shuleni baada ya saa saba. Kwa hiyo alikuwa amejizoeza kutokunywa maji. Mkojo ulikuwa unamchoma kila mara, anapelekwa kutibiwa, anapewa vidonge, anarudi, unachoma tena. Mama yake alidhani amekasirika na dunia, ndiyo maana anakataa maji anayopewa. Daktari hakuuliza. Mimi mwenyewe nisingejua kuuliza.

Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, majirani walichonga upya zile ngazi, wakazifanya fupi na pana, wakapigilia mti wa kaliptusi wa kushikilia upande mmoja, na mshonaji wetu akaleta kiti kibovu kilichokatwa tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo la choo. Gharama ilikuwa misumari na soda za watu, sijui hata kama ilifika dola kumi na tano, miti tulipewa. Kijana alianza kunywa maji. Kisha, kwa kuwa aliweza kufika chooni peke yake, aliweza pia kufika barabarani, na barabarani akaanza kuuza unite (muda wa maongezi) za simu. Kiti cha magurudumu hakukitaja tena.

Tangu hapo kila mshauri wetu anaanza na jana. Tulilifanyia mazoezi ukumbini mpaka watu wakalichoka: mmoja anasimulia, mwingine anasikiliza, wa tatu anahesabu mara ngapi msikilizaji amemkatiza. Wareko ndio waliopata tabu zaidi, kwa sababu wamezoea kubeba ujumbe kwenda nyumbani, na hapa tunawataka warudi na ujumbe. Mwalimu pia alipata tabu, lakini leo ndiye hodari kuliko wote, na watoto wanamwambia mambo wasiyowaambia wazazi.

Mambo ya mwili tuliyafundisha sakafuni juu ya mikeka. Nikutajie moja ambalo familia nyingi hukosea kwa upendo: mtu akikatwa mguu, wanamwekea mto chini ya kile kilichobaki, ili asiumie. Akikaa hivyo wiki na miezi, nyonga inakunjamana na kukakamaa, na siku akifika Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu hapa Bukavu, kupimwa mguu wa bandia, kiungo hakinyooki, mguu hausimami vizuri. Aondolewe mto, alale kifudifudi mara kadhaa kwa siku, kama nusu saa hivi. Papa fundi viatu alikuwa anawalaza washauri wote kifudifudi akiwaeleza jinsi yeye alivyolia akifanya hivyo, na hakuna aliyesahau.

Kwa aliyepooza kitandani, kumgeuza kila masaa mawili, na kwa anayekaa kitini, kujiinua kidogo kila robo saa au nusu saa, kwa sababu kidonda cha mgandamizo kinaanza na wekundu mdogo, na kwenye ngozi yetu nyeusi huo wekundu hauonekani. Gusa kwa mgongo wa mkono, utasikia joto au ugumu. Saa ya ukutani wengi hawana. Mama mmoja alipanga kumgeuza mumewe kwa kengele ya parokia, habari za redio na muda wa kupika, na usiku vijana wake wakagawana zamu.

Watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda ndani ninawapenda mno, maana hao wananyooka. Plasta za Ponseti, zile za kuunyoosha mguu polepole, hubadilishwa kila wiki, kwa wiki chache, na mguu unarudi mahali pake. Lakini kazi ya mshauri inaanza pale plasta zinapoisha. Mtoto anatakiwa kuvaa vile viatu vyenye fimbo katikati, mwanzoni karibu mchana na usiku, baadaye usiku tu, mpaka umri wa miaka minne hivi. Mama anaona mguu umenyooka, mtoto analia usiku, bibi anasema mvue huyo mtoto. Anavuliwa, mguu unarudi kupinda. Mshauri wetu anamtafuta bibi kwanza. Nyumba ambayo bibi amekubali, viatu vinavaliwa.

Kuwapata watu wenyewe nako kuna namna yake. Ukibisha hodi na kuuliza kama nyumbani kuna mtu mwenye ulemavu, utajibiwa hakuna, na watu wanasema hivyo kwa aibu au kwa hofu. Tunatumia yale maswali sita ya kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu, na tunayauliza kwa kila mtu wa nyumba, mzee hadi mtoto mwenye miaka mitano: ana taabu ya kuona hata akivaa miwani? Ya kusikia? Ya kutembea au kupanda ngazi? Ya kukumbuka na kutuliza akili? Ya kujiogesha na kuvaa? Ya kuelewana na watu akiongea kwa lugha yake? Jibu ni hapana, kidogo, sana, au hawezi kabisa. Anayesema "sana" au "hawezi" hata kwa swali moja, tunarudi kwake. Nyumba iliyosema hakuna mtu, swali la nne likamtoa msichana aliyekuwa anafichwa jikoni wageni wakija.

Huyo msichana ndiye aliyenifanya niongeze somo la sheria. Mkuu wa shule moja alikataa kumwandikisha, akasema atawasumbua wenzake. Mshauri wetu, mama wa watu asiyejua Kifaransa kingi, alikwenda na karatasi moja: ibara ya 43 ya Katiba, elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma, ibara ya 49, mtu mwenye ulemavu ana haki ya hatua maalum za kumlinda, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani, akaomba mkuu aandike kwa mkono wake sababu ya kukataa, aweke na muhuri. Mkuu hakuandika. Mtoto anasoma.

Pesa? Ukijumlisha chai na mandazi, pesa ya moto (pikipiki) kwa wale wasioweza kupanda kwa miguu, madaftari na mabuti ya mvua, tulitumia kitu kama dola mia tatu au zaidi kidogo, nyingi zikiwa michango ya waumini. Usikate pesa ya moto ya mama wa bekiye ili kuokoa bajeti, utampoteza mshauri bora uliye naye. Na usianze wiki ya kuandikisha watoto shule, hakuna atakayekuja.

Sasa tunajiandaa kuanza kundi la Bagira, komini nyingine ya Bukavu, na pale tulipo dhaifu ni kwa viziwi. Tumewafundisha washauri wakae usoni pa mtu, penye mwanga, wasimgeuze mtoto wa nyumba kuwa mkalimani wa mambo ya siri ya mama yake, lakini hiyo haitoshi. Tunahitaji mtu kiziwi anayejua lugha ya ishara na yuko tayari kufundisha, naye atalipwa pesa ya moto kama wengine. Ukimfahamu aliye Bukavu, mlete ukumbini Jumamosi yoyote baada ya salongo.