Barabara ya 80: kutoka New Jersey hadi San Francisco

Interstate 80 inaanzia Teaneck, New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York, na kuishia San Francisco. Ni kilomita zipatazo 4,660 ndani ya majimbo 11, nasi tuliigawa kwa siku saba. Wengi hutazama mabango ya "Karibu" kujua wamefika jimbo jingine. Sisi tulizoea kutazama pampu za mafuta.

New Jersey hujijazii. Sheria ya mwaka 1949 inakataza, kwa hiyo unakaa garini, unashusha kioo na kumwambia mhudumu, kama ilivyo kwenye sheli za kwetu. Ukivuka mto Delaware kuingia Pennsylvania, mhudumu hayupo tena. Hapo ndipo mgeni hukwama: unapitisha kadi, pampu inadai namba ya posta ya tarakimu tano, na kadi ya benki ya nje haina namba hiyo. Usibishane na mashine. Ingia dukani, taja namba ya pampu na kiasi, "dola 40, pampu ya sita," lipa, kisha rudi ukajaze. Mafuta yakiingia pungufu, rudi ndani uchukue chenji yako.

Kipande cha kulipia kinaanza karibu na Youngstown, Ohio, kikapita Indiana hadi viunga vya kusini mwa Chicago. Kwa gari la kukodi, uliza mapema kuhusu kifaa cha kulipia. Pasipo kifaa, kwenye vituo visivyo na karani kamera hupiga picha namba ya gari, bili huenda kwa mwenye gari, naye hukuongezea ada yake. Huku pia neno letu "soda" linaanza kukugeuka. New Jersey wanalielewa bila shida. Ohio hadi Nebraska kinywaji hichohicho ni "pop". Ungeshuka kusini kule Georgia, wengi wangesema "coke" hata wakitaka ya machungwa.

Iowa ni mahindi na soya, na pampu zake zinakiri hivyo. Petroli nyingi huchanganywa na ethanoli ya mahindi. E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, inafaa karibu kila gari. E85, ambayo ethanoli yake inaweza kufika asilimia 83, ni ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili yake tu. Ni rahisi ndiyo, lakini inaisha haraka kwa sababu ethanoli ina nishati ndogo kuliko petroli. Walcott, kwenye njia ya kutokea namba 284, kuna kituo kikubwa cha malori chenye bafu, kinyozi na hata daktari wa meno. Namba hizo za kutokea zina faida: huhesabiwa kwa maili kutoka mpaka wa magharibi wa jimbo, hivyo ukielekea magharibi zinapungua, na 284 maana yake umebakiwa na maili 284 kuimaliza Iowa.

Ukiniuliza Marekani inabadilikia wapi hasa, nitakuambia Cozad, mji mdogo wa Nebraska, si mpaka wowote. Meridiani ya 100, yaani mstari wa longitudo ya nyuzi 100 magharibi, inapita hapo, na kwa makadirio ya zamani ndipo mvua inaposhuka chini ya milimita 500 kwa mwaka. Mashariki yake mahindi hutegemea mbingu. Kadiri unavyokwenda magharibi, mashamba yanakuwa ya duara: bomba la karibu mita 400, limebebwa na minara yenye magurudumu, linazunguka polepole kutoka katikati likinyunyiza maji ya kisima. Pembe nne za shamba hubaki kavu, mara nyingi majani matupu. Wyoming hata duara zinaadimika. Ng'ombe, uzio na upepo.

Upepo huo si mzaha. Kati ya Cheyenne na Laramie barabara inafika mita 2,633 juu ya usawa wa bahari, kilele cha I-80 nzima. Mbele ya Laramie, kipande kilichofunguliwa mwaka 1970 kinapita chini ya mlima Elk, ilhali barabara ya zamani, US 30, ililizunguka eneo hilo kwa kaskazini. Lori tupu na trela nyepesi hupinduliwa, na barabara hufungwa kwa mageti kabisa. Piga 511, namba ya simu ya taarifa za hali ya barabara, kabla ya kuondoka mjini.

Huko pampu zinaonyesha oktani 85 badala ya 87. Oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili bila kulipuka mapema na kufanya injini igonge. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini za zamani za kabureta hazikugonga. Injini ya leo hujirekebisha yenyewe, tena yenye tabo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, haihisi sana wepesi wa hewa. Kama kitabu cha gari kinasema 87, nunua 87. Ukishuka bondeni na tangi la 85, injini inaweza kuanza kugonga.

Utah ni chumvi nyeupe na barabara iliyonyooka hadi usingizi. Nevada unaruhusiwa maili 80 kwa saa na mashine za kamari zimo hadi madukani, lakini miji imeachana mbali: tangi likifika nusu, jaza. Matunda yamalizie Reno, maana Truckee wakaguzi wa kilimo wa California watakuuliza umebeba nini, na machungwa huenda yakaishia kwao. Mafuta pia jazia Reno. Ng'ambo ya mlima bei inaruka.