Joka wa Kusini: mahesabu ya kufanya kabla ya sura ya kwanza

Riwaya ya vijana yenye joka huchosha pale msomaji anapogundua kwamba mnyama huyo anaweza lolote. Hachoki, hashibi, haishiwi moto. Sasa tuhofie nini? Kabla hujampa jina, mpigie hesabu.

Anza na mwili. Tendaguru, kilima kilicho kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 iliyopita, kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandarini, na Giraffatitan wa huko leo amesimama Berlin, kimo mita 13.27. Waandishi hutamani kumchukua huyo na kumpachika mabawa. Hataruka. Mnyama akirefuka mara 2, eneo la bawa huongezeka mara 4 lakini uzito huongezeka mara 8. Tandawala mkubwa wa nyikani hufika kilo 18 hivi, na yumo kati ya ndege wazito kuliko wote wanaoruka. Quetzalcoatlus, mtambaazi arukaye wa zama za dinosaria, anakadiriwa kuwa na kilo 200 hadi 250, na mabawa yenye upana wa mita 10 hivi. Usizidishe hapo.

Mpandishe msichana wa miaka 15 mwenye kilo 45: umeshamwongezea joka karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kwenye uwanja tambarare hanyanyuki naye. Anahitaji ukingo, na ukingo upo: Newala, pale Shimo la Mungu, ardhi inaposhuka kuelekea bonde la Ruvuma. Waruke mchana jua likiwa kali, hewa ya moto ikipanda. Wakitua bondeni watarudi juu kwa miguu, na hiyo ni sura nzima umeipata bure.

Upepo nao uhesabu. Joka arukaye kilomita 40 kwa saa, akitoka Lindi kwenda Tendaguru mwezi wa Julai, kusi inamsukuma mgongoni. Kusi ikiwa kilomita 20 kwa saa, anafika kwa saa 1. Kurudi anaupinga upepo uleule: saa 3. Wahusika wanaopanga kuokoa mtu na kurudi kabla ya magharibi wataumbuka hapo, bila wewe kubuni adui mpya.

Moto ndio unaoharibiwa zaidi. Gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati, sehemu yake kubwa ni methani, na methani haiwaki hewani ila ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 hivi. Ikipungua haishiki, ikizidi haishiki. Kwa hiyo joka hawezi kuwa na moto tumboni, maana mle hamna hewa. Anatema gesi, inachanganyika na hewa nje ya mdomo, cheche ya meno inaiwasha. Penye upepo mkali gesi inatawanyika na anabaki anapumua tu. Ndani ya pango inajikusanya, na cheche moja inamuua yeye pamoja na adui yake.

Gesi hiyo anaitoa wapi? Ng'ombe hutoa lita 250 hadi 500 za methani kwa siku, kwa sababu anacheua majani. Lita 500 zina nguvu kama ya nusu lita ya petroli: mpigo mmoja, basi hadi kesho. Na tazama kilichojitokeza: joka wa moto ni mla majani! (Majoka wanaoiba mbuzi wamenichosha kitambo.) Mpeleke Tandahimba mikorosho ikiwa kwenye maua, wakulima wakiwa wameshapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, uone uadui wa kweli. Akiwasha moto juu ya shamba lile, salfa inaungua na kutoa moshi unaokaba koo, lake likiwa la kwanza.

Uchawi uandikie kanuni moja, sentensi moja, yenye gharama inayoonekana. Mfano: kila kago, yaani kinga ya kichawi, linakunywa ndoo ya lita 20. Kando ya Ruvuma hiyo si kitu. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida, mwezi wa Septemba, ni maji ya kunywa ya nyumba nzima, na mama mwenye nyumba ana haki ya kukataa. Usiieleze kanuni, mwonyeshe mtu akimwaga maji na majirani wakinuna.

Ila ukitumia maji, kumbuka uko nchi ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Watu walikufa kwa maelfu mengi kati ya 1905 na 1907, kwa risasi na kwa njaa, na wajukuu wao ni wasomaji wako. Kinjeketile, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya kinga, asiwe mzaha wa sura ya tatu. Mapiko vilevile: kinyago cha jandoni kina siri za wenyewe. Chonga chako cha kubuni, kipe jina lako, kisha kiwekee gharama yake nacho.