Dogo wa X

Mpwa wangu anacheza gemu la GTA San Andreas kwenye simu. Juzi akaniuliza bila hata kunyanyua uso: "Mjomba, hivi mama yake CJ nani alimuua?" CJ ndiye stelingi wa gemu. Nikamwambia asubiri, nakuja. Nikaingia chumbani kutafuta jibu YouTube. Mimi, niliyemaliza gemu lile kwenye PS2 nikiwa sekondari, sikuwa na habari kwamba stori yote inaanzia kwenye msiba.

Sababu ni ile CD ya kibanda cha kulipia gemu, Msamvu, Morogoro. Ilikuwa ya kukopi, imechubuka kiasi kwamba ukiigeuzia jua unaiona michirizi yote. Mwanzo ilisoma vizuri: CJ anatua Los Santos, mji wa kwenye gemu, mwaka 1992, polisi mla rushwa Tenpenny na wenzake wanamshusha kwenye teksi, wanachukua hela zake, wanamtupa kwenye kichochoro cha maadui. Unachukua baiskeli, unakanyaga hadi Grove Street, mtaani kwao. Mbele ya nyumba yao kuna alama nyekundu. Ukiikanyaga tu, kioo cheusi, lenzi inaanza kuhangaika ndani ya mashine, krr, krr, basi. Imestaki. Na mwenye kibanda hasimamishi muda. Mia mbili yako imekwenda, wa nyuma yako ameshanyoosha mkono anataka pedi ya kuchezea.

Tulipuliza, tukafuta kwa shati, tukapaka dawa ya meno. Wengi walifuta kwa kuzungusha, kumbe ndiyo wanaiua: data za CD zimepangwa kwa mzunguko, kwa hiyo mkwaruzo unaofuata mzunguko unakula kipande kirefu, wakati ule unaotoka katikati kwenda ukingoni unagusa kidogo kidogo na mashine inajikwamua. Nani angetwambia.

Aliyetuvusha ni mdogo wake mwenye kibanda, dogo wa shule ya msingi ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya hela na kufukuza wasiolipa. Jumamosi mchana, kibanda kimejaa, bati linachoma, soksi za watu zinanuka. Akamnyang'anya mtu pedi bila kuomba. Akamtembeza CJ polepole kuelekea kwenye alama, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe cha X, hakigusi. Picha ilipoanza kufifia tu, kabla giza halijakamilika, akaanza kubonyeza. Tatatatata. Tukasikia krr moja. Kioo cheusi. "Imekufa hiyo," mtu akasema nyuma. Dogo hakugeuka, hakuacha kubonyeza. Krr nyingine. Mimi nilishaanza kumtafuta kwa macho kaka yake aje azime.

Mara mwanga. CJ yuko kwenye gari, pembeni kakaa jibaba moja nene la kofia na miwani, hata hatujui limetoka wapi. Kelele zilizopigwa pale, mama wa chipsi alikuja kuuliza nani kafunga goli.

Alikuwa ameiruka ile sehemu ya maongezi kabla mashine haijaenda kuitafuta kwenye CD. Makaburini, kwenye maongezi yaliyofuata, tukafanya vilevile. Baada ya hapo ni baiskeli, risasi, na chiti, yaani kodi za kudanganyia gemu, tulizoandika nyuma ya daftari la hesabu: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kisha mishale minne tena, dola 250,000 zinaingia.

Baadaye ililetwa CD safi, haistaki popote. Tukaendelea kubonyeza X. Muda ulikuwa hela, na Kiingereza chao kile nani angekishika.

Sasa nimeiona. Jibaba ni Big Smoke, linaingia na rungu likidhani CJ ni mwizi, na likishamtambua linamwahidi kumtafuta aliyemuua mama yake. Linaahidi kwa uchungu kabisa. Nilicheka peke yangu chumbani. Aliyemaliza gemu anajua Smoke ni mtu wa namna gani. Sisi tulimpenda kwa unene wake na kwa kula kwake. Labda tungeiona ahadi ile, usaliti wake ungetuuma zaidi. Au tungebonyeza X tu, foleni ilikuwa ndefu.